Jibu la Mtu Asiyelala

Faustina alikutana na Aminiel stendi ya Same, saa saba mchana, upepo ukirusha vumbi machoni mwa abiria. Faustina, nesi wa zahanati moja ya mjini, alikuwa amesimama na kisanduku cha chanjo mkononi, gauni lake la bluu limegandamana na mgongo kwa jasho. Gari alilolisubiri lilikuwa limechelewa saa nzima. Aminiel, fundi wa majokofu, alikuwa akipita na mabomba ya shaba begani.

"Dada, hiyo barafu itafika?"

"Wewe ni mkaguzi?"

"Fundi friji. Barafu ikiyeyuka naisikia."

Faustina alicheka bila kupenda. Wakaenda karakana ya Aminiel nyuma ya stendi, akambadilishia barafu, na gari lilipokuja Aminiel alikuwa ameshapata namba ya simu ya Faustina.

Mwaka na nusu ukapita hivyo, kwa simu za jioni. "Umekula, Tina wangu?" "Nimekula, fundi. Wewe je?" Jumapili Faustina alivaa kitenge chake cha njano wakatembea mjini, Aminiel akimtania kwamba anatembea kama anawahi mgonjwa.

Kisha likaja juma moja la Oktoba. Jumatatu asubuhi Mama Eliwaza, mkuu wa zahanati, alimkabidhi barua: amepata nafasi ya kusomea shahada Dodoma, miaka minne, jibu Ijumaa. Mchana Aminiel akapiga simu.

"Wazee wangu wanataka kupanda mlimani kwenu Bombo Jumapili hii, walete posa. Niwaambie waje?"

"Nipe muda kidogo, Ami."

Kabla jioni haijafika, kaka yake Hezroni akapiga. Mama yao ameteleza kwenye mteremko akikata majani ya ng'ombe. Mguu umevunjika.

Alfajiri Faustina alikuwa njiani kwenda mlimani. Siku mbili alikaa wodini kando ya kitanda cha mama yake, halali, hali, barua ikiwa mkobani. Hezroni hakuacha kumwambia, "Wewe ndiye nesi. Omba uhamisho urudi huku." Alhamisi asubuhi alitoka nje, ukungu umefunika migomba, kichwa kinamvuma. Ndani ya nusu saa alimaliza yote. Alimwambia Hezroni atahama. Akampigia Aminiel.

"Waambie wazee wasije. Tuishie hapa."

"Nimekukosea nini?"

"Hujakosea. Nimechoka tu, Ami. Usinipigie."

Kisha akampigia Mama Eliwaza kukataa masomo. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umelala lini, mwanangu?"

"Sikumbuki, mama."

"Basi hilo jibu sijalipokea. Kalale. Nipigie kesho mchana."

Alilala kwa jirani yao Rogathe mpaka asubuhi ya Ijumaa. Alipoamka alikula sahani mbili za makande, akarudi wodini. Mama yake alikuwa ameketi, akimchungulia.

"Hezroni anasema unahamia huku kunitunza."

"Ndiyo, mama."

"Nani alikuomba? Daktari ninaye. Mimi nataka mtu wa kukata majani ya ng'ombe, na wewe tangu utotoni unakata vidole. Rogathe amekubali. Huyo kaka yako anaishi mita mia kutoka kwangu, naye ana mikono."

Faustina alikaa chini. Kumbe jambo lililomlemea kuliko yote halikuwa lake. Mchana alimpigia Mama Eliwaza, akasema atakwenda Dodoma. Akampigia Aminiel mara tano. Simu ilikuwa imezimwa.

Jumamosi akashuka Same. Alimkuta karakanani amepiga magoti mbele ya friji la duka la soda, ovaroli imejaa mafuta. Aminiel hakuinuka.

"Nimesikia habari za Dodoma pale zahanati," alisema. "Ungeniambia tu. Msomi haolewi na fundi. Ningeelewa."

"Hivyo ndivyo ulivyofikiri?"

"Ulinipa nini kingine cha kufikiri?"

Faustina akavuta kreti tupu, akakaa karibu yake.

"Nilikuwa na mambo matatu kichwani, mguu wa mama uliovunjika, masomo na posa, na sikuwa nimelala siku tatu. Nikayatupa yote ili nipumue. Wewe sikukukataa, Ami. Nilikutupa pamoja na mengine. Nisamehe."

Aminiel aliifuta bisibisi kwa kitambaa, polepole, muda mrefu.

"Dodoma unakwenda?"

"Nakwenda. Hilo nimeliamua nikiwa na akili zangu."

"Na wazee? Sijawaambia kitu. Kila nikifungua mdomo maneno yanakosekana. Mama yangu ameshapiga pasi kitenge."

"Kwani lazima iwe kesho?"

"Nani kasema lazima?"

"Wewe. Ulisema Jumapili hii."

"Nilisema Jumapili kwa sababu mjomba Zephania ana gari kesho. Gari atakuwa nalo hata Januari."

Faustina alimtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mabega aliyokuwa ameyakaza juma zima yakashuka. Aminiel naye akacheka, akaketi sakafuni, mgongo kwenye friji.

"Basi iwe Januari," Faustina alisema. "Mama yangu atakuwa anatembea."

"Na jibu? Nalo mpaka Januari?"

"Jibu ni ndiyo. Kilichonishinda ni tarehe tu."