Doa Lisilokauka

Picha ya mgongo wa Shija ilikauka yote, isipokuwa mahali pamoja padogo kama punje ya mtama. Saulo, mpiga eksirei wa hospitali moja ya Mbeya, alipafuta kwa pamba mara tatu. Bado palikuwa pamelowa.

Shija alikuwa mtoto wa miaka saba, mwenye uvimbe kichwani. Asubuhi ile walimchoma sindano ya uti wa mgongo, wakamwingizia dawa ya mafuta inayotoka nyeupe kwenye picha, wakaiinamisha meza ili isambae, huku akimlilia baba yake kwa Kisukuma. Sasa katikati ya weupe ule palikuwa na pengo jeusi, palepale penye unyevu.

Daktari Rasik aliiinua picha kwenye taa. "Huenda uvimbe umeshuka, huenda ni doa tu. Kama umeshuka, Dar itabidi wachome mionzi mgongo mzima. Kama ni doa, kichwa peke yake. Makasha yako ya filamu ni safi?"

"Nitaangalia, Daktari."

"Angalia vizuri. La sivyo tunarudia sindano."

Nje alimkuta Budeba, baba wa mtoto, mfugaji aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, ameshayasikia yote mlangoni. "Fundi, nilikupa mtoto umpige picha, wewe umemchora?" Akacheka, kisha akaacha. "Wasimchome tena, ndugu yangu. Nakuomba."

Saulo akaweka filamu kwenye kasha lile lile, akaipiga bila mtu. Doa likatokea. Akashukuru Mungu: kumbe ni kasha. Lakini roho haikutulia, akajaribu kasha jipya lililofika juzi, ambalo halijawahi kutumika. Doa likatokea tena, palepale.

Chumba cha giza cha kusafishia filamu kilinuka siki ya dawa kama siku zote, ila sasa chini ya siki ilikuwepo harufu ya maziwa yaliyochacha na ya nywele za mtoto mwenye homa, na ndani ya kasha lililofungwa kitu kikaanza kugonga kwa ukucha, taratibu, kikihesabu, kikifika saba kinaanza upya, na Saulo, mzee wa kanisa, akataka kulitaja jina la Yesu akakuta ulimi umegandamana na kaakaa, maana sauti ndogo ya kitoto ilikuwa imeshamfika sikioni, karibu mno, yenye majimaji.

"Sema mimi ni doa, baba. Ukisema nipo watakucheka. Na huyu watamchoma tena."

Alipotoka, nesi Damari alimnong'oneza, "Shingo yako imelowa."

"Jasho."

"Na baridi hii?"

Kwa Daktari alipeleka picha ya kasha la zamani peke yake. Ile ya kasha jipya aliikatakata kwa mkasi. "Ni doa la kasha," akasema. Mimi ninayesimulia simhukumu. Nami nimewahi kuogopa kuchekwa kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Shija akapanda treni ya Uhuru kwenda Dar, mpya wakati ule, na karatasi iliyoandikwa: mgongo safi. Tangu siku ile picha zote zikatoka safi, za kasha la zamani na za jipya. Daktari akamsifu. Saulo akaenda kwa mchungaji akaungama nusu, na mchungaji akaja kuyaombea makasha. Yalikuwa matupu tayari. Kilichokuwemo kilikuwa kimesafiri.

Wiki ya saba, mtoto wa Tupokigwe, mama muuza viazi wa Mwanjelwa, alilala kwenye meza ile ile kwa ugonjwa ule ule. Picha yake ikakauka yote, isipokuwa mahali pamoja. Saulo akajua Shija amekufa, siku mbili kabla simu ya maandishi ya Budeba haijafika: miguu ilianza kupooza, kisha mikono, kisha pumzi.

Tupokigwe alisimama mlangoni. "Baba, ni salama?"

Daktari aliitupia picha jicho moja. "Lile doa la kasha limerudi. Au siyo, Saulo?"

Saulo akafumbua kinywa aseme yote. Kikatoka kisauti cha kitoto, chenye majimaji:

"Ni doa tu, mama."