Pedi Yenye Maiki

Jumamosi mchana mtaa wa Nipponbashi hauna pa kutia mguu. Wa kununua wananunua, wa kushangaa wanashangaa, na sisi watu wa Osaka hatujui kupishana kimyakimya. Ghorofa ya tatu ya duka moja la gemu za zamani, mbele ya kaunta, alisimama mwanamume mrefu aliyevaa koti la kijivu lenye madoa ya rangi kwenye mikono. Jina lake Tetsuro Makabe. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi vyakula vya plastiki vinavyowekwa kwenye madirisha ya mikahawa, na kamba wake wa kukaanga waliwamezesha watu mate. Mikono yake haikuwa na shida. Ulimi ndio uliomtesa tangu utotoni, maana alikuwa na kigugumizi.

Nyuma ya kaunta zilipangwa mashine mpya zilizotengenezwa kuiga zile za kale. Zile za kale nyingi zimekufa, lakini kaseti zake bado zimejaa makabatini mwa watu, na mtu hakubali kaseti ya utoto wake ikae bure.

"Na-na-naomba ile ye-ye..." Tetsuro alimwambia mzee mwenye duka.

"Anataka ile ndogo, yenye gemu humohumo ndani," sauti nyororo ikamsaidia kutoka nyuma. "Si ndiyo, kaka?"

Alikuwa mwanamke wa koti jekundu na skafu ya njano, ameshika kaseti moja aliyoihangaikia tangu asubuhi. Tetsuro alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akalipa. Mtu mwenye kigugumizi hujifunza mapema kwamba kukubali ndiyo njia fupi.

Kwenye ngazi yule mwanamke akamkuta amesimama, anauangalia mfuko wake.

"Mbona umeubeba kama umebeba msiba?"

"Si-si hii."

"Si hii? Sasa mbona uliitikia?"

"U-ulikuwa u-unafurahi kunisaidia."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha aibu ikampanda, mashavu yakalingana na koti. "Twende tukairudishe. Safari hii nafunga mdomo wangu."

Aliufunga kweli, na haikuwa kazi rahisi, kwa sababu Fuyuko Nagase aliishi kwa mdomo huo. Ni yeye aliyekuwa akitangaza kwenye duka kubwa la mtaa wa Namba: mtoto amepotea, viatu vimeshuka bei, karibuni tena. Akauma ncha ya skafu yake na kusubiri. Tetsuro alikwama, akaanza upya, akakwama tena, mpaka akafika: alitaka mashine ya rangi ya maziwa, inayokula kaseti, ambayo pedi yake ya pili ya kuchezea ina maiki.

Mzee akaichomeka kwenye TV ya majaribio na kumpa pedi. Tetsuro akaisogeza mdomoni.

"Asante, dada wa skafu ya njano," TV ikasema, kwa mkwaruzo, bila kujikwaa hata kidogo.

Fuyuko akaitoa skafu mdomoni. "Ni wewe huyo?"

"Ni mimi," TV ikasema.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tangu akiwa mtoto, sauti yake ikitokea kwenye TV aliisikia kama ya mtu mwingine, na huyo mwingine hakuwa na hofu. Mashine ya utoto wake ilikufa. Nyingi kati ya hizi mpya hazina maiki, na alikuwa ameitafuta yenye maiki kwa muda mrefu.

Majira ya baridi yale waliyamaliza chumbani kwa Tetsuro, miguu chini ya meza yenye blanketi na hita, wakila takoyaki, vitumbua vya pweza, za moto mpaka ndimi zinaungua. TV yake ilikuwa ya zamani, nene, imekalia nusu ya kona. Fuyuko alishika pedi ya kwanza, Tetsuro ya pili, ambayo ina maiki lakini haina kitufe cha kuanzisha gemu.

"Anzisha basi, mama matangazo," TV ilisema.

"Niombe vizuri."

"Naomba, ua la Namba. Ingawa gemu hujui, unaruka kama gunia."

"TV yako ina mdomo mchafu, Tetsu. Nitaivunja."

"Ukiivunja nani atakuambia umependeza na hiyo sweta?"

"Wewe."

Hapo Tetsuro akaweka pedi chini. "U-u-u..."

"Nimependeza, najua," Fuyuko akamalizia, akambusu. Alimpenda sana, lakini hilo lilikuwa kosa lake, na hakuna aliyemwambia. Kila neno lililochelewa kutoka alilimalizia yeye, na Tetsuro akaitikia kwa kichwa.

Jambo moja tu alilikataa. "Mambo makubwa usiniandikie kwenye simu," alimwambia. "Kazi yangu ni sauti. Niambie nisikie."

Machi ilipofika, akampigia simu.

"Tetsu, wananitaka Sapporo, kule kaskazini. Duka jipya. Nikafundishe wasichana kutangaza."

Upande wa pili zilisikika pumzi tu.

"Si kazi ya mwaka mmoja. Wanataka jibu Jumatatu. Wewe unaonaje?"

Pumzi tena.

"Haya, najua wewe na simu hampatani. Nitakuja Jumapili. Utaniambia."

Nisifiche kitu: Fuyuko alitaka kuambiwa asiende. Alishaamua kwamba akiambiwa, haendi, na Sapporo watafute mwingine.

Naye Tetsuro aliamua kumwambia asiende, na amwombe waoane. Hapo ndipo alipojiharibia. Aliiona TV yake nene ni aibu kwa jambo zito namna ile, tena Fuyuko aliwahi kulalamika kwamba mistari ya picha yake inamuumiza macho. Akanunua TV bapa. Mashine yake haikuwa na waya wa kuingia humo, kwa hiyo akaenda kutafuta nyingine, ya kisasa zaidi. Hakwenda kwa yule mzee, maana mzee angeuliza dada wa skafu hajambo, na jibu lingekuwa refu. Akaingia duka la jirani lenye vijana wenye haraka.

Aliiona moja nyeusi, maridadi, inayotoa picha kali. Kwenye boksi palikuwa na picha ya pedi ya pili, na juu yake vitundu vidogo vya maiki. Alitaka kuuliza kama maiki inafanya kazi. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yake, kijana wa kaunta ameshanyoosha mkono, neno likamkwama kooni. Akalipa, akaondoka.

Jumapili Fuyuko alikuja na gauni la bluu ambalo hakuwahi kulivaa, nywele amezifunga juu. Akakuta TV nene imewekwa mlangoni, imebandikwa stika ya kuchukuliwa na watu wa taka, na mashine ya rangi ya maziwa kwenye boksi juu yake. Mezani kulikuwa na keki ya stroberi.

"Umetajirika?" akamtania.

Tetsuro akamkalisha. Akawasha, akashika pedi ya pili, akavuta pumzi, akasema.

TV haikutoa kitu. Akasogeza mdomo karibu zaidi. Picha ilikuwa safi kabisa, muziki wa gemu unalia, na sauti yake haipo. Vile vitundu vilikuwa pambo tu, ndani yake hamna kitu. Mashine yake ya zamani ilikuwa pale mlangoni, lakini hofu ilishamkaba, hakuifuata. Akafungua mdomo wake mwenyewe.

"U-u-u-u..."

Fuyuko alimwangalia machoni, akasubiri, akasubiri tena. Hakuona chochote ila mtu anayehangaika na mashine mpya siku aliyotakiwa kuhangaika naye.

"Unataka kunipongeza," alisema taratibu. "Si ndiyo?"

Tetsuro akatikisa kichwa kukataa, lakini Fuyuko alishainama kutafuta viatu.

"Asante, Tetsu. Na keki nzuri."

Jumatatu asubuhi simu ya Fuyuko ililia akiwa chumba cha kubadilishia nguo kazini. Akapokea.

"Tetsu? Najua ni wewe, nasikia unavyohema." Alingoja. "Sema lolote. Hata nitukane."

"Fu-fu-fu..."

"Haya. Nakutakia heri na wewe." Akakata, akajifuta macho, akapanda kutangaza kwamba miavuli imeshuka bei. Mchana akawajibu wakubwa kwamba atakwenda.

Wiki kadhaa baadaye alimtumia ujumbe mfupi: Jumamosi anaondoka, atapanda treni ya uwanja wa ndege hapo Namba. Watu wa taka walikuwa hawajapita bado. Jumamosi hiyo Tetsuro akaiburuta TV nene kutoka mlangoni na stika yake, akachomeka mashine ya rangi ya maziwa, akampigia Fuyuko, akaweka simu mbele ya spika na kushika pedi.

"Fuyuko," TV ikasema. "Siku ile nilitaka kukuambia usiende. Nilitaka kukuambia tuoane."

Fuyuko alikaa juu ya sanduku lake katikati ya jukwaa la stesheni, watu wakimzunguka.

"Kwa nini hukusema?"

"Maiki ya ile mpya ilikuwa vitundu vitupu."

"Mimi nilikuwa na masikio, Tetsu. Hayakuwa pambo."

"Nilitaka yatoke vizuri."

"Nani alikuambia nayataka vizuri? Ungekwama mpaka asubuhi ningekaa. Hapana, naongopa. Sikukaa. Nilikujibia, nikavaa viatu."

"Usiende."

"Nimeshalia, mpenzi wangu. Nililia mpaka nikamaliza, na chumba changu kina mtu mwingine sasa. Sina nguvu ya kuanza upya. Ungeniambia kabla sijamaliza kulia, ningebaki."

TV ikakwaruza.

"Zima hicho kitu," Fuyuko akasema. "Niambie kwa mdomo wako. Moja tu."

Mkwaruzo ukakatika. Ikasikika pumzi ya mtu.

"Na-na... na-na-na..."

Treni ikaingia, milango ikafunguka, watu wakapanda. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Fuyuko, analijua lote. Akashika ncha ya skafu ya njano akaiuma, kama siku ile dukani. Milango ikafungwa, treni ikaondoka bila yeye.

"Na-na-ku-ku... naku-pe-pe..."

Alisubiri. Machozi yalilowesha skafu, hakuiachia.

"...nakupenda."

"Nimesikia," Fuyuko akasema. "Lote." Akakaa kidogo na simu sikioni. Treni nyingine ilipokuja, akanyanyua sanduku akapanda.

Tetsuro aliwasha tena TV. Kaseti ya Fuyuko ilikuwa bado ndani ya mashine, na gemu likatokea likiwa linangoja wachezaji wawili. Alikaa chini ya blanketi ameshika pedi ya pili, ile isiyo na kitufe cha kuanzisha. Ya kwanza ilikuwa pale upande wa pili wa meza, alipozoea kukaa Fuyuko, na hakunyoosha mkono kuichukua.