Bip Tu, Tutakuja Kukuchukua

Soko kuu la Kolwezi halina adabu. Watu wanakanyagana, pikipiki za teksi zinapita penye upenyo ambao hata mbuzi angejiuliza mara mbili, na vumbi jekundu linakaa juu ya nyanya, mikate na kope za watu bila kubagua. Katikati ya vurugu hizo Josée Mbelu alikuwa anabandika karatasi kwenye nguzo ya umeme, kwa uji mzito wa unga wa muhogo badala ya gundi. Alivaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, na blauzi aliyoishona mwenyewe, mikono imejaa mabegani na kubana kiwikoni. Kila mwanamke aliyepita aligeuza shingo kuitazama blauzi. Karatasi hakuna aliyeitazama.

"Yaya," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake, kwa heshima ya kumwita dada mkubwa, "hii karatasi iko inafukuza bantu."

Josée akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, viatu vya ncha ambavyo asubuhi vilikuwa vyeusi.

"Sasa weye juu ya nini ungali hapa?"

"Mi niko na wakati. Mama mwenye mutoto ku mugongo hana wakati." Akasoma kwa sauti ya padri: "'Kwa heshima kubwa tunawajulisha wateja wetu wapendwa kwamba, kufuatia mambo yaliyotupata...' Nimefika katikati, yaya, na sijue kama unashonaka nguo ao unazikaka bantu."

Josée alitaka kukasirika, akacheka. Na mwanamke akishacheka mbele ya nguzo ya umeme, ujue mambo yameanza.

Kijana huyo aliitwa Gradi Kisimba, na kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za biashara. Wateja wake walikuwa wanunuzi wa kobalti. Mwaka ule bei iliporomoka, wanunuzi wakafunga maghala na kupotea, wakamwachia kurasa nzuri zisizo na mwenyewe. Josée naye alikuwa fundi wa nguo za akina mama kule Kasulo, mtaa ambao watu walichimba madini mpaka chini ya vitanda vyao. Kampuni moja ikapewa ardhi, wakazi wakaambiwa wahame, kila mmoja akashika njia yake. Wateja wa miaka mingi wakatawanyika, na hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi. Sasa alikuwa amepanga nyumba ndogo upande mwingine wa mji, yeye na mama yake, na cherehani ilikuwa kimya tangu asubuhi mpaka jioni. Ukimya wa cherehani ni mbaya kuliko wa mtu, kwa sababu mtu unaweza kumgombeza.

"Bateja bangu bangali humu Kolwezi," alisema. "Banatutafuta, na siye tunabatafuta. Tunapishana tu."

"Basi unatafuta site, yaya. Achana na nguzo."

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu. Gradi alikuja kupiga picha za magauni, akanywa chai, akamsalimia Mama Bilonda, mama yake Josée, ambaye alifungua mlango nusu na kurudisha komeo hata mchana wa jua kali. Mapenzi yenyewe yalikua kwenye simu.

"Mupenzi, umefungua page?"

"Iko inazunguka tu."

"Ngojea kidogo."

"Mi minangoya. Mega ya simu haingoyi, iko inaisha."

Gradi akaufungua mwenyewe. Alikuwa ameweka picha kubwa ya Josée na ile blauzi ya sokoni, imejaa ukurasa mzima.

"Ile picha toa," alisema Josée. "Muntu mwenye simu kidogo atachoka mbele ya kuona nguo moya."

"Lakini ile njo minapendaka."

"Weye si muteja, chéri."

Gradi alicheka, akaitoa, akaihifadhi kwenye simu yake. Kazi yake aliijua: mtu akifungua ukurasa aone mara moja kinachoshonwa, akione kwa macho, na ajue namna ya kumpata fundi. Mstari wa kwanza aliuandika kwa Kiswahili cha pale pale: *Tunashona nguo za bamama.* Josée aliusifu. Halafu akaongeza jambo moja.

"Mama anaomba kitu. Namba ya simu, sawa. Jina, sawa. Lakini fasi tunaishi, usiandike."

"Hakuna shida," alijibu Gradi. Lakini moyoni aliona ni haya za wazee. Tovuti bila ramani, kwake, ilikuwa duka bila mlango.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa mapenzi, na hayo ndiyo makosa mabaya zaidi kwa sababu mtu huyafanya huku anatabasamu. Jumapili moja, akitaka kumfurahisha mpenzi wake, aliweka ramani. Aliweka picha ya mlango wao wa bluu, na mshale mwekundu ukiuelekea. Hakumwambia mtu. Alitaka wateja wenyewe wawe zawadi.

Mteja wa kwanza alifika Jumatatu. Hakupiga simu. Alisimama mbele ya mlango, simu mkononi, akasema kwa furaha, "Mama, ni hapa? Huku iko inaonyesha mulango wenu."

Mama Bilonda aliutazama ule mshale. Akarudisha komeo, akateremsha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo. Josée alimbembeleza, akalia, mwisho akakunja na zake.

Alimpigia Gradi akiwa juu ya mizigo.

"Uliweka carte."

"Chérie, bateja banakuya?"

"Nilikuomba kitu kimoya, Gradi. Unajua siye bantu ya Kasai tulifukuzwa namna gani humu Katanga? Mama alikuwa kijana, mi ku mugongo. Jirani mwenye kula na siye chumvi moya alisimama ku njia, akanyoosha kidole: huu mulango, na huu, na huu. Tulilala ku gare tunangoya train. Baba yangu, Badibanga, alikufa pale pale ku gare. Mama alirudia Kolwezi juu hana muji mwingine. Na leo unamuonyeshea kidole tena, na rangi nyekundu."

Gradi alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, na miaka ile hakuna aliyeunyooshea kidole mlango wa kwao. Akasema maneno ambayo angelipa chochote kuyameza.

"Mambo ya zamani, mupenzi. Leo nani anafukuza muntu?"

"Mi nimetoka kufukuzwa Kasulo," alisema Josée, "na unaniuliza nani. Kwenu njo ni ya zamani." Akakata. Jioni Gradi alipojaribu tena, simu haikuita. Namba yake ilikuwa imefungiwa.

Aliifuta ramani dakika ile ile, lakini nyumba ya mlango wa bluu ilikuwa tupu. Aliuliza kwa majirani, na majirani hawakujua, kwa sababu Mama Bilonda haagi.

Sasa upweke ukahamia kwa Gradi. Alikaa mbele ya kompyuta katika ofisi isiyo na mteja, na kitu pekee kilichomwambia kuwa dunia ipo ni hesabu ya wageni wa ule ukurasa. Siku nyingi alikuja mmoja tu. Alifika saa za magharibi, jua likizama, akafungua, akakaa kidogo, akaondoka. Gradi aliamini ni Josée. Nani mwingine? Akaanza kuutengeneza ukurasa kwa ajili ya mgeni huyo mmoja, kama mtu anayefagia uwanja akijua nani atapita. Alipunguza picha ziwe nyepesi. Alifuta mapambo yote aliyoyaweka kwa kujisifu. Alimpenda vibaya sana, na hakuwa na njia ya kumwambia ila hiyo.

Siku moja aliona mama mmoja barabarani, amesimama peke yake, akipiga bip, simu ya kuita mara moja na kukata, kisha kungoja. Baada ya muda mwanamke mwingine akatokea kwenye vichochoro, wakakumbatiana, wakaondoka pamoja. Gradi alisimama akitazama jambo aliloliona maisha yake yote. Mjini kwao mgeni hatafuti nyumba. Anasimama mahali panapojulikana, anabip, na mwenye nyumba anatoka mwenyewe kumchukua.

Alirudi, akaondoa hata mahali pa ramani. Akabakiza kitufe kimoja: *Bip tu. Tutakuambia pa kungojea, tutakuja kukuchukua.*

Baada ya hapo wageni wakaongezeka, na yule wa magharibi hakukosa. Mwisho Gradi aliweka SIM nyingine kwenye simu, akabonyeza kitufe chake mwenyewe, ikaita mara moja, akakata. Simu ikarudi. Sauti haikuwa ya Josée.

"Umebip. Unataka kushona nini?"

"Shati, mama," alisema kwa woga.

"Ngojea kule Musonoi, ku pompe ya mayi."

Mvua ilikuwa inaanza alipofika. Akina mama waliokuwa wanateka maji walijifunika na kuondoka, akabaki peke yake, shati jeupe limemganda mgongoni. Halafu akamwona Mama Bilonda anakuja polepole, mwavuli mkononi, futi ya fundi shingoni.

"Nilijua ni weye," alisema. "Site inasema bamama tu. Weye mwenyewe uliandika."

"Unisamehe, mama. Nilisema ni ya zamani."

"Josée aliniambia." Alimtazama. "Kila magharibi minafunguaka ile page. Minaangalia kama mushale umerudia."

"Ni weye, mama? Nilizani ni Josée."

"Josée hana mega za kupoteza." Alimsogezea mwavuli. "Haukurudia. Njo maana nimekuya mi mwenyewe. Lakini hii njia, usiiandike."

"Siiandike, mama."

"Utaijua na miguu."

Walitembea mpaka nyumba ya matofali mabichi. Cherehani ilisikika toka nje. Josée aliinua uso, na mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Nani amekuonyesha?"

"Mama yako."

Akamtazama mama yake, kisha akamtazama Gradi aliyekuwa anatiririsha maji sakafuni, amekonda, viatu vimeharibika.

"Anataka shati," alisema Mama Bilonda. "Mupime."

"Mi sishonaki ya banaume."

"Minajua," alisema Gradi. "Mi njo niliandika."

Josée alinyoosha mkono, akaitoa futi shingoni kwa mama yake. "Simama muzuri," alisema. "Umelowana kabisa."

Akampima mabega taratibu, kisha akayapima tena. Nyuma yao upepo wa mvua ulikuwa unaingia na kupeperusha vitenge ukutani.

"Mama," alisema Josée bila kugeuka, "mulango uko wazi."

Mama Bilonda alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Uache," alisema.