Siku Papa Constantin Alipokataa Kutia Sinyatire

Kila asubuhi Papa Constantin alifungua depo yake ya mchele huko Kadutu, akafagia, kisha akakaa juu ya gunia tupu. Hakuwa na cha kuuza. Mke wake Sophie alikwisha kufa. Nyumbani alibaki na binti yao, Feza.

Mchele wake wote ulikuwa umeoza. Lori lilitoka Luberizi likiwa limejaa, likakwama kwenye matope ya mlimani, na mvua ikanyesha juu yake siku nyingi. Wakubwa wanakuja kupiga picha kwenye barabara ile, wanaahidi changarawe, kisha wanarudi mjini kula. Barabara inabaki matope. Hasara analipa mtu mdogo.

Constantin alidaiwa na wakulima wa Luberizi waliompa mchele kwa mkopo, na mwenye lori, na Hugues, mkopeshaji wa mtaani. Hugues alikuja wa kwanza.

"Papa Consta, mi sina roho mubaya," alisema. "Tuandike tu kama umeniuzia nyumba. Siku utalipa, tunapasua karatasi."

"Na nikikosa kulipa?"

"Nyumba inakuwa yangu. Na ukikataa kuandika, polisi watakuonyesha njia ya jela. Kesho minaleta mashahidi."

Feza aliporudi alimkuta baba yake hajagusa bugali. Akasikia habari yote.

"Papa, watu ngapi ku avenue yetu waliandika vile? Leo wanapanga kwa watu! Twende kwa maître Mélanie."

Mélanie, jirani yao, alikuwa avoka, mwanasheria wa kutetea watu. Walimkuta anachagua maharagwe, akawapa viti.

"Papa, ulishatia sinyatire, ulishaweka sahihi ku karatasi ya Hugues?"

"Bado."

"Mungu asifiwe. Sikiliza. Kushindwa tu kulipa deni si kosa la jela. Lakini wewe iko mufanyabiashara, na hauwezi tena kulipa. Hiyo njo failiti. Sheria inakupa siku makumi tatu uende wewe mwenyewe ku tribunali, mahakama ya biashara, useme: nimeshindwa."

"Nijishitaki mwenyewe? Watu watasema Constantin iko mwizi!"

"Mwizi ni mwenye anaficha. Ukimupa Hugues nyumba peke yake, wale wamama wa Luberizi wenye walikuamini watapata nini? Juje wa tribunali anaweza kuvunja hayo mauzo. Anaweza pia kukukataza biashara kwa miaka. Lakini ukisema ukweli, wadai wote wanaitwa, mali yako inajulikana, munatafuta kupatana."

"Na nyumba?"

Mélanie aliweka maharagwe kando. "Siwezi kukuahidi, Papa. Inaweza kwenda. Lakini ikienda, iende kwa bei yake, ipunguze deni ya kila mutu. Isiende kwa bei ya Hugues."

Constantin alicheka bila furaha. "Na wenye walikula pesa ya barabara, tribunali yao iko wapi?"

"Hiyo, hata mimi sijaona mulango wake."

Kesho yake Hugues alifika na mashahidi wawili.

"Sitii sinyatire," Constantin alimwambia. "Minaenda tribunali. Na wewe utaitwa."

"Utalala jela, muzee!"

"Juu ya kosa gani?"

Hugues alikunja karatasi yake, akaondoka na mashahidi wake.

Safari ya tribunali ilikuwa ndefu. Ofisi za wakubwa zinapenda kumwambia maskini arudi kesho. Depo ilifungwa. Mizani yake na pikipiki yake viliuzwa kwa bei ya kuumiza. Mwishowe wadai wote waliketi pamoja, na Maman Malaika akasimama kwa niaba ya wakulima.

"Muchele ulioza mu njia, haukuoza mu tumbo yake," alisema. "Alipe polepole. Tukiuza nyumba, atalala wapi, na atatulipa akitokea wapi?"

Mwenye lori alikubali. Hugues alikubali wa mwisho, amenuna.

Sasa Constantin anabeba magunia ya mtu mwingine. Kila mwisho wa mwezi, sehemu ya mshahara wake inakwenda kwa wadai. Itakuwa hivyo kwa miaka.

Jina lake lilibandikwa kwenye ukuta wa tribunali, pamoja na ya wengine waliofilisika. Siku moja Constantin alipita pale na kijana mmoja wa kazini; kijana akalisoma kwa sauti, akamgeukia.

"Muzee, huyu wa failiti njo wewe?"

"Njo mimi."

"Pole! Na sasa unapanga wapi?"

"Sipangi," Constantin alisema. "Minakaa kwangu."