Mafundo Matatu Kwenye Singa

Nilitumwa maji tu.

Jua lilikuwa linazama, mahema yamesimama, na supu ya kabichi inaanza kushika sufuria. "Balbina, chukua ndoo, chemchemi si mbali," akasema Eladio, shemeji yangu. Hata hakunitazama. Alikuwa amepiga magoti akimvisha mdogo wangu Ermitas soksi, kama mtoto mchanga.

Wa kwanza kucheza na Eladio nilikuwa mimi. Hilo lijulikane. Sikukuu nzima alinishika kiuno. Kisha Ermitas akafikisha miaka kumi na tisa, akaziachia nywele zake, nami nikawa shemeji.

Kila kiangazi kijiji chetu hapa Galisia hupanda mlimani. Tunalala kwenye mahema, alfajiri tunawakusanya wale farasi wadogo wa porini na kuwashusha hadi boma la mawe. Vijana wanawarukia mikono mitupu na kuwabana shingo, nasi wanawake tunakata singa, zile nywele ndefu za shingoni. Kisha farasi wanaachiwa warudi zao. Ndiyo maana mkasi haukosi kwenye mfuko wa aproni yangu.

Lakini mwaka uliotangulia, mimi sikukata. Nilifunga.

Shangazi Delmira, aliyekuwa akiponya ng'ombe wa watu na kuwaua pia, ndiye aliyeninong'oneza. Chukua nywele za mwanamke kwenye kitana chake. Zifunge mafundo matatu kwenye singa za jike la porini, umwachie. Aendako farasi, moyo wa mwenye nywele unafuata. "Atamchoka huyo bwana," alisema. "Ila sikia, mwanangu. Aliyefunga ndiye anayefungua. Mwingine hawezi."

Nilitaka harusi ivunjike. Basi haikuvunjika. Ermitas aliolewa, kisha akaanza kulala amesimama dirishani. Jasho lake likanuka farasi. Asubuhi pindo la gauni lake la kulalia lilikuwa limejaa miiba ya mlimani, na mlango umefungwa kwa ndani. Na Eladio, badala ya kuchukizwa, mjinga yule akampenda maradufu.

Basi nikaenda chemchemi.

Ukungu ulishuka kabla ndoo haijajaa. Nikasikia kwato juu ya jiwe. Ko… ko… Zikanyamaza. Harufu ya majani mabichi, harufu ya jasho la mnyama, na nyingine tena…

Sabuni. Sabuni ya Ermitas.

Alikuwa jike la kijivu, sikio moja limechanika. Nilimjua. Nilikuwa nimemfunga kijishungi kisichozidi kidole. Sasa kilining'inia hadi magotini mwake, cha kahawia, kimesukwa.

Nywele zilikuwa zimeota.

Akanisogelea. Akainamisha shingo mbele yangu, kama mtu mbele ya kinyozi.

"Dada… kata."

Sikuona mdomo ukicheza. Lakini sauti ilikuwa ya Ermitas, ile ya utotoni, aliyonibishia nayo mlango akiogopa radi.

Nilitoa mkasi. Niliufungua, sikatai. Nilisikia chuma baridi kikigusa zile nywele.

Hapo ndipo nikamsikia Eladio kule kambini, akicheka kwa sauti ya chini. "Fungua mdomo, mpenzi. Kijiko kimoja tu. Kimoja kwa ajili yangu."

Mimi sijawahi kulishwa na mtu kwa kijiko. Hata nilipougua homa ya matumbo, mama aliacha bakuli kwenye kigoda akaenda zake.

Nikarudisha mkasi mfukoni.

"Kesho," nikamwambia farasi. "Kesho bomani."

Nilikuwa nadanganya, naye alijua.

Niliporudi, Ermitas alinitazama juu ya moto. "Umechelewa, dada."

"Ndoo nzito."

"Mkasi ndio mzito," akasema, akaendelea kunywa supu yake.

Alfajiri blanketi lake lilikuwa tupu, bado lina joto. Nje ya hema, gauni la kulalia. Soksi zimekunjwa vizuri juu yake. Nyayo za miguu mitupu zilipita kwenye umande hadi chemchemi. Kutoka chemchemi kwenda mbele zilikuwa kwato.

Tulimtafuta siku tatu. Farasi walishushwa bomani hata hivyo. Yule wa kijivu aliingia na singa safi, hana kishungi. Ubavuni mwake alikuwepo jike la kahawia, kijana, asiyejulikana na mtu. Eladio akamrukia shingoni. Farasi hakupigana. Alimlazia kichwa begani.

Eladio alikuwa mweupe kama chokaa. "Huyu asikatwe," akasema. Akamfungulia lango mwenyewe.

Hakuoa tena. Mimi niliolewa na fundi viatu, mtu asiye na kosa wala ladha. Na kila Jumapili, miaka hamsini na kitu, Eladio anapanda mlimani na mkate ndani ya koti.

Majira ya baridi yaliyopita alikuja kwangu. Mara ya kwanza tangu siku ile. Akanywa kahawa, akaomba kunawa mikono. Kitana changu hukaa pale pale penye beseni.

"Umekuwa na mvi, shemeji."

"Na wewe zako zimekwenda wapi?" nikamjibu.

Akacheka. Nilimchekesha mimi! Wiki nzima nilifurahi, kikongwe mpumbavu.

Jana mjukuu wangu Sabela alishuka kutoka bomani. "Bibi, kuna jike jeusi limetutoroka. Lina kishungi cheupe kwenye singa, kama kimesukwa."

"Kina mafundo mangapi?"

"Ningehesabuje, Bibi, na yeye anakimbia?" Kisha akaitazama miguu yangu. "We Bibi! Mbona soksi zako zimejaa miiba? Ulikuwa wapi?"

Tangu Pasaka sijavuka kizingiti.

Aliyefunga ndiye anayefungua, na huyu Eladio hatafungua. Sawa. Sitamwomba. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, tena mapema zaidi.

Kinachonikera ni kimoja tu. Kesho ni Jumapili. Atapanda na mkate wake, nami nitakuwa nimesimama pale kwenye baridi, kwa miguu minne, nikimwangalia akimlisha Ermitas.