Jina Lililokuwa Chini ya Baba

Fundi Swichi alikuwa na ugonjwa mmoja tu wa kazi: haraka. Kufuta nyumba janja kulimchukua robo saa, na sifa hiyo alijipigia kila mahali. Maana ukiuza nyumba yenye kufuli linalojua kidole chako, taa zinazokusikia na kamera mlangoni, mnunuzi humwachii kuta tupu, unamwachia na siri zako. Ndiyo maana watu walimwita. Alikuja, akabonyeza, akaondoka, na nyumba ikawa haimjui mtu.

Jioni hiyo aliitwa na mjane mmoja, mshona nguo, ambaye wanunuzi wake walikuwa wanahamia kesho yake asubuhi. Alimkuta sebuleni katikati ya maboksi, macho mekundu. Katika chumba cha ndani, binti yake wa miaka saba, aliyeitwa Kipusa, alikuwa akiimba huku akipanga wanasesere wake mfukoni.

"Pole na kuhama, dada."

"Usinipe pole, kaka. Nifutie tu huyu mtu."

"Mtu gani?"

Mjane alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na tisa.

Fundi alisogea kwenye kioo cha kugusa kilichobandikwa kando ya mlango, ambacho ndicho kilichoamuru vifaa vyote vya nyumba. Kabla hajakigusa, kufuli likalia.

Tiit...

Mlango haukufunguka. Hata kitasa hakikutikisika. Lakini sauti ya nyumba, ile ya upole inayotangaza wanaoingia na kutoka, ikasema:

"Baba ameingia."

Na harufu ikaja... Tapentaini. Harufu ya mtu aliyeshinda kutwa akipaka rangi.

"Mume wangu alikuwa fundi wa rangi," mjane alinong'ona. "Tumemzika miezi minne sasa. Kila siku anaingia saa hii hii. Kutoka, hatoki. Mtoto ameanza kumwekea kiti mezani, kaka. Nisipomtoa humu mwanangu, nitampoteza hivi hivi namwona."

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejipa moyo. "Mashine hiyo, dada. Imeshika ratiba ya zamani. Namfuta sasa hivi."

Alimfuta. Jina likatoweka... likarudi. Akafuta tena. Likarudi tena. Jasho likaanza kumtoka, na haraka yake ikampanda kichwani. Kulikuwa na njia ya mkato: unakandamiza jina kwa muda mpaka itokee amri ya kumfuta mtu pamoja na wote walio chini yake. Fundi mwangalifu hufungua orodha kwanza, akasoma nani ameandikwa chini ya nani. Fundi Swichi hakuwahi kusoma orodha maishani mwake.

Akabonyeza.

"Baba ameondoka," nyumba ikasema.

Mjane alishusha pumzi. Alikaa juu ya boksi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kipusa ameondoka."

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Mama alikimbilia chumba cha ndani. Fundi alimsikia akiita, kwanza kawaida, kisha kwa ukali, kisha kwa sauti ambayo mtu haitoi mara mbili katika uhai wake. Makabati yalifunguliwa, kitanda kikaburutwa. Madirisha yote yalikuwa na nondo, na mlango wa kutokea ulikuwa huo mmoja ambao fundi alisimama kando yake. Mfuko wa wanasesere ulibaki sakafuni, umejaa nusu.

"Umefanya nini?" Mjane alimkamata shati. "Umefanya nini wewe?"

Fundi alifungua orodha. Baba. Na chini yake, kwa herufi ndogo, Kipusa.

"Baba yake alimwandika siku tuliyohamia," mjane alisema. "Mimi nilikataa, nikasema natumia ufunguo wangu. Mrudishe. Mrudishe mwanangu!"

Kinachofutwa hukaa kwenye pipa la taka la mashine dakika kumi na tano, kisha hupotea moja kwa moja. Zilikuwa zimebaki kumi na moja. Fundi akabonyeza kurudisha.

"Weka kidole cha mwenye nyumba."

Walitazamana. Kidole hicho kilikuwa kaburini.

Fundi alijaribu chake. Wakajaribu cha mjane. Akakata umeme, akauwasha, na dakika zikaendelea kupungua. Saba. Mjane alikipiga kioo kwa ngumi, akalia, akamwita mumewe kwa jina la utani, akamtukana, akamwomba radhi. Kisha wote wawili wakasikia, kutoka mbali, kama ndani ya ukuta...

"Mama... mbona giza?"

Mjane alijifuta uso kwa kiganja.

"Mtu akiwa pipani, unaweza kumwandika mwingine chini yake?"

Fundi alielewa, na alitamani asingeelewa. "Inawezekana, lakini hapana, dada. Ngoja tuite watu."

"Watu gani wa dakika tano? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kidole cha baba yake nitakifuata huko huko. Andika."

Aliandika. Mungu amsamehe, aliandika. Mjane alikaza kitambaa chake kichwani kama anayetoka kwenda dukani mara moja, akaweka kidole.

"Mama ameondoka."

Fundi alikuwa akimtazama, wala hakupepesa jicho. Na bado hakuona alivyokwenda.

Dakika nne. Tatu. Alilia kwa kwikwi bila aibu, mtu mzima na ndevu zake, akimwomba Mungu, akimwomba marehemu, akikiomba hata kioo. Mbili.

Moja...

Tapentaini. Karibu mno, begani kwake. Hakuthubutu kugeuka. Juu ya kioo, polepole, ilijichora alama ya kidole gumba, ya rangi nyeupe mbichi.

"Kipusa ameingia."

Kisha dakika ya mwisho ikaisha, kioo kikabaki kitupu. Hapakuwa na jina hata moja. Nyumba ilikuwa tayari kwa wanunuzi.

Mtoto alisimama nyuma yake, miguu mitupu. Fundi alipiga magoti akamshika mikono. Ilikuwa ya baridi.

"Mama yuko wapi?"

"Amebaki na baba. Amesema umpigie shangazi aje anichukue."

Fundi alitoa simu. Akamwuliza mtoto namba ya shangazi.

"Mjomba," mtoto alisema, "baba alishtuka kuniona. Amesema hakuniita yeye. Akauliza ni nani aliyenituma kule, na mama akakataa kumwambia."

Alimtazama fundi usoni.

"Wewe unamjua?"