Kizuiamkasi cha Baba Mkwe

Nyuma ya sikio la Mzee Ambilikile, kiziwi wa miaka mingi, kilibandikwa kidude kidogo kama punje ya maharage, kikidondosha dawa taratibu. Aliyekibuni, Dakta Tumpe, mke wa mwanawe, alikiita kizuiamkasi.

Mkasi wenyewe ni kimeng'enya cha mwili, huuoni kwa macho. Seli za sikio zina vipokezi kwenye utando wake. Seli jirani ikikigusa kipokezi, mkasi wa mwili hukikata, na kipande cha ndani hukimbilia kwenye kiini cha seli kuziamuru jeni zilale: wewe usiwe seli ya kusikia. Zuia mkasi, kipande hakifiki, jeni zinaamka, uziwi unaanza kuondoka. Na kweli, mzee alisikia roboti za usafi zikifagia barabara za Mbeya, akacheka peke yake.

Tumpe hakumwona akicheka. Kwa Wanyakyusa wa nyumba ile, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani, roboti au si roboti. Vipimo vya masikio vililetwa na mtambo. Mengine yote aliyaleta mumewe, Gwamaka.

"Baba hajambo," alisema kila siku. Kisha siku moja akaja amenywea. "Mke wangu, suruali zinamdondoka baba. Anasema ni uzee tu."

Tumpe akaelewa papo hapo. Mkasi uleule hufanya kazi utumboni. Dawa ikivuja kwenye damu, utumbo hushindwa kujijenga upya, mtu akaharisha mpaka akaisha. Jamani, alilijua hilo! Kwenye orodha ya maswali ya kumpelekea mzee, swali la choo aliliandika, akalifuta kwa aibu. Nani amwulize baba mkwe habari za choo? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa walificha wawili.

Akajitanda khanga, akaingia chumbani kwa mzee, akasimama amempa mgongo.

"Baba, nisamehe. Unaharisha?"

Mzee akajifunika shuka usoni. "Tangu wiki ya kwanza, mwanangu. Ningekwambiaje?"

"Lazima nikitoe leo. Lakini seli hazijakomaa, baba. Uziwi utarudi."

Mzee akashusha shuka.

"Kitoe. Ila kwanza niongeleshe. Umenipikia miaka yote hii, na sauti yako ndiyo kwanza naisikia leo."

Tumpe akaongea, habari za ndizi, za mvua, za watoto, machozi yakimtoka. Alipoishiwa maneno, akageuka, akamtazama baba mkwe usoni, akakibandua.